Afande wa Kamati

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Kusuka tangu asubuhi. Rasta za mwisho zilikuwa nyembamba kama uzi na mwenyewe anasinzia, kichwa kinaanguka huku na huku. Vidole vimekufa ganzi. Nimefika darasani nimechelewa, vipande vya nywele bandia vimenasa kwenye sweta. Mwalimu Govender, polisi mstaafu anayetufundisha ushahidi, akasubiri nikae ndipo akaendelea. Somo la leo: kitu kikiokotwa mahali pa tukio, nani akishike, kifungwe vipi, kipite mikononi mwa nani mpaka kifike mahakamani. Nimeipenda. Ubaya wa kozi hii ni kwamba naipenda.

Muhula wa mwisho huu. Diploma ya haki jinai, miaka miwili ya jioni, juu ya duka la samani. Chini wanauza makochi, juu wanatuuzia vyeo.

Mchana Kaka Selemani alipita saluni. Hakuwa na shida yoyote. Alisimama mlangoni na kuuliza mbele ya wateja, "Afande, unaanza kazi lini?" Wakacheka wote, hata wasiojua Kiswahili. Mwaka wa pili huu naitwa Afande na sijawahi kuvaa hata kofia ya mgambo.

Jumamosi, 11 Septemba

Kikao cha kamati kwa Kaka Selemani, Overport. Sebule imejaa watu na maboksi ya viatu. Yeye ni mtu wa Tanga kama mimi, anauza viatu karibu na Grey Street, na ni mwenyekiti wa kila kitu cha Watanzania wa hapa. Msiba, mwenyekiti. Harusi, mwenyekiti. Timu ya mpira haina mipira lakini mwenyekiti inaye.

Kamati hii ilikuwa ya harusi yangu. Naandika nisije nikajisahaulisha. Mimi na Athumani tulishatangaza, kadi za mchango zimechapishwa, watu wametoa, na waliobaki wameahidi. Mwezi uleule polisi wakapita sokoni kukagua vibali. Kaka Selemani akalala rumande kwa sababu aliyekuwa zamu hakuelewa karatasi yake na yeye hakuweza kuieleza. Alitoka na wazo. Tunahitaji mtu wetu ndani ya polisi. Nani ana Kiingereza cha shule? Rehema. Nani ana pesa? Kamati ya harusi ya Rehema.

"Harusi inaweza kusubiri," alisema. "Chuo kina tarehe."

Athumani akakubali. Akakubali haraka, kabla hata sijafungua mdomo.

Na kwa kuwa walikuwa kamati ya harusi, wakaendesha shughuli kama harusi. Pilau, kanga za sare, video. Nilikaa mbele kwenye kiti cha bibi harusi, peke yangu, madaftari mapya mapajani. Ninayo ile kaseti. Siiangalii.

Leo walitaka taarifa ya maendeleo. Nikawapa. Mtu mmoja akauliza kama nitaruhusiwa kuchagua kituo, maana cha karibu na soko kingefaa zaidi. Mama Zuhura, mke wa Kaka Selemani, akanipima kiuno kwa macho na kusema sketi za polisi hukatwa vibaya, nimletee atanipunguzia.

Athumani hakuwepo. Yuko Johannesburg, anaendesha gari la mizigo. Zamani alipiga simu kila Ijumaa.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimekwenda kuulizia kujiunga. Nilivaa blauzi nyeupe.

Askari wa kike, Mzulu, mnene, mpole. Aliniita sisi, yaani dada kwa Kizulu. Alitazama kibali changu, akatazama barua ya chuo, akarudi kwenye kibali. Kisha akasema wanaajiri raia tu. Hata nikiwa na diploma? Hata nikiwa nazo mbili. Akanipa pole na kuniuliza kama kwetu hakuna polisi.

Nilishukuru. Nikatoka. Nilivuka barabara taa, robot wanavyoiita hapa, ikiwa nyekundu na dereva wa taxi akanitukana, nikaona ana haki.

Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 27 Septemba

Nimemwona mama wa ofisi ya usajili chuoni, yule aliyepokea ada. Anasema chuo hakikuahidi kazi. Kweli. Anasema wahitimu wao wengi wameingia polisi. Hilo nalo kweli. Kwenye ukuta nyuma yake zipo picha zao, wamevaa sare, wanatabasamu. Nilizitazama picha zile kwa miaka miwili kila nilipokuja kulipa. Hakuna aliyenidanganya, na hilo linaniudhi kuliko kudanganywa. Ningekuwa na mtu wa kumshika shati.

Baada ya kipindi nikamwambia Mwalimu Govender. Alivua miwani. Alidhani najua. Alidhani nasoma ili nirudi nayo kwetu. Darasa zima walidhani hivyo, na hakuna aliyeuliza, maana kuuliza kungeonekana wanafukuza mgeni. Adabu hizo.

Na sisi je? Sebule nzima ya watu wazima. Wanajua bei ya boksi la viatu katika miji yote kuanzia hapa hadi Dar. Wanajua mpaka upi mtu hupita saa ngapi. Swali moja tu hawakuuliza. Tulidhani wakipokea ada yako wamekupokea na wewe.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimewaambia. Kikao kizima. Nilisimama na kusema: sitakuwa polisi, sheria hairuhusu, mimi si raia, nimeuliza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kaka Selemani akacheka. Akasema sheria za namna hiyo wanaambiwa wasio na cheti. Kwani nimeshamaliza? Bado. Nikienda mikono mitupu lazima nirudishwe. Nikienda na cheti ni kitu kingine. Akatoa mfano wake mwenyewe, jinsi alivyonyimwa leseni ya meza sokoni mara tatu na ya nne akapewa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikarudia. Nikarudia tena kwa sauti ya juu. Mama Zuhura akanishika mkono, akasema nimechoka na mitihani, nile.

Nilikula. Nifanyeje.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mtihani wa mwisho. Ushahidi. Nimeandika hadi karatasi ikaisha nikaomba nyingine.

Nimerudi saluni kuchukua kitana changu nikakuta bahasha. Béa, Mkongo wa Bukavu ninayesuka naye, ameificha chini ya mafuta ya nywele. Anasema iko kijana moja aliacha. Kadi ya mchango. Imechapishwa vizuri, maua pembeni. Kamati ya Johannesburg inaniomba mimi, dada Rehema, na familia yangu, nichangie harusi ya Athumani na binti mmoja wa Moshi.

Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa. Hakuna. Hata jina langu wameliandika sawasawa. Nadhani walichukua orodha ya zamani wakatuma kwa wote.

Béa alisoma uso wangu, kadi hakuigusa. Akaweka chai.

Nimechangia. Kadi ikishafika mkononi unachanga, ndivyo tulivyo. Ningeinyamazia wangesema nina kinyongo. Ninacho.

Jumanne, 9 Novemba

Kampuni za ulinzi. Ya kwanza: hawana nafasi kwa wanawake. Ya pili: diploma nzuri mno, nitawaacha haraka. Ya tatu: wananipa geti la jumba moja la watu wenye nafasi, Westville, kuanzia jioni, kibanda chenye kiti kimoja na kitabu cha wageni. Mlinzi anayeondoka alinionyesha kazi. Alisoma hadi darasa la saba. Mshahara ni uleule.

Kule Westville hakuna atembeaye kwa miguu. Nilisubiri taxi ya kurudi peke yangu na mbwa wa kila uzio akanibwekea.

Nimekataa. Kusuka kunalipa zaidi.

Jumanne, 16 Novemba

Mwalimu Govender amepiga simu saluni. Mahakamani wanatafuta mkalimani wa Kiswahili, wa kuitwa siku ya kazi, analipwa kwa siku. Aliyekuwepo amehamia Cape Town. Kibali changu kinatosha kwa hilo. Nimekwenda, nimepimwa, nimeapishwa. Nitatafsiri yote yasemwayo, kwa ukweli, kwa kadiri ya uwezo wangu.

Mwalimu aliniambia jambo moja nje ya mlango. Mkalimani husema "mimi". Mshtakiwa akisema nina njaa, husemi ana njaa. Unasema nina njaa. Unakuwa mdomo wake.

Kesi ya kwanza: Mrundi anayelinda magari ufukweni, alipigana na mwenzake kwa ajili ya sehemu ya kuegesha. "Nilimpiga kwa sababu alinitukania mama yangu," nilisema kwa Kiingereza, mbele ya hakimu, kwa sauti yangu. Nilihisi mkono umeuma kama vile nimepiga kweli.

Nimefurahi leo. Sijui kuificha.

Jumamosi, 20 Novemba

Nilimwambia Mama Zuhura kuhusu mahakama, nikasema polepole: mkalimani, si polisi, si wakili, naitwa siku chache tu. Kufikia jana soko lote limesikia Afande ameanza kazi mahakamani. Leo pilau. Wameazima ukumbi Chatsworth, kwa wale Wazanzibari ambao babu zao walishushwa hapa zamani sana. Bibi mmoja wa huko alinishika mashavu akajaribu Kiswahili chake, maneno machache yaliyobaki. Akaniita mwanangu. Nililia kidogo, nikasingizia moshi wa sufuria.

Kaka Selemani alihutubia. Alisema polisi hukamata tu, wanaoamua ni mahakama, kwa hiyo tumepata zaidi ya tulichochangia. Makofi. Nikasimama kusahihisha. Wakapiga makofi tena, wakidhani nashukuru.

Jumatatu, 29 Novemba

Kaka Selemani amekamatwa.

Viatu. Lori la kampuni fulani liliibiwa mzigo njia ya bandarini, na maboksi yamekutwa sebuleni kwake, chini ya kitambaa cha meza. Mama Zuhura alikuja saluni na kanga kichwani, macho makavu kabisa. Hakuja kulia. Alikuja kuniarifu, kama mtu anayempa fundi kazi.

Nilimtoa nje. Nikamwambia maneno haya na nayaandika kama yalivyokuwa: "Mama Zuhura, mwambie akubali wakili wa serikali. Mimi pale sina msaada. Kila atakachosema nitakisema."

Akatazama kushoto na kulia, akanibana mkono.

"Nimekuelewa," akasema. "Hata mimi nisingesema waziwazi hapa barabarani."

Béa alikuwa amesikia. Tulipobaki wawili akasema, "Kule tribunal hakuna famille, ma chère. Wao hawajue hii?"

Hawajui. Wamelipia wasijue.

Jumatano, 1 Desemba

Niandike yote, halafu nilale.

Asubuhi nilimwambia karani kwamba namfahamu mshtakiwa. Akauliza kama ni ndugu wa damu. Si ndugu. Basi, akasema, kuna nani mwingine? Watu wa Kiswahili mjini hapa wote mnafahamiana.

Chumba kimejaa joto, feni inazunguka bila kazi. Benchi la nyuma kamati yote, wamevaa vizuri. Mama Zuhura ana kanga ileile ya sare ya shughuli yangu. Kaka Selemani alipandishwa kizimbani akaniona akatulia. Namjua mtu aliyetulia. Alikuwa mtu aliyefika nyumbani.

Kiingereza cha sokoni anakijua. Kizulu cha kuuzia anakijua vizuri zaidi yangu. Alipoulizwa lugha akasema Kiswahili tu.

Hakimu, mama wa makamo, akamwambia ana haki ya wakili, na kama hana uwezo atapewa wa serikali. Nikatafsiri. Nikaongeza uzito kwenye neno wakili, hilo tu nililoweza. Akajibu, "Sihitaji. Wangu yumo humu." Nikasema kwa Kiingereza: sihitaji, wangu yumo humu. Hakimu akatazama chumba kizima kumtafuta.

Leo yalikuwa maombi ya dhamana tu. Hakimu akamwonya kwamba atakayosema yanaandikwa na yanaweza kutumiwa kwenye kesi yenyewe. Nikatafsiri onyo hilo neno kwa neno, polepole, nikimtazama usoni. Akanikonyeza.

Kisha akaanza kusema. Hakuwa anasema na hakimu. Alisema na mimi, kwa sauti ile ya sebuleni.

"Afande, wewe mambo yote unayajua. Vile viatu waliniletea vijana wa lori, na kwa bei ile mtu mzima hawezi kudhani ni vya halali. Sasa hiyo usimwambie. Mwambie nilinunua kwa jumla, karatasi imepotea. Lipange kwa Kiingereza kizuri, ndiyo maana tulikusomesha."

Akasubiri.

Hakuna mwingine mbele pale aliyejua Kiswahili. Mwendesha mashtaka anasoma saa yake. Hakimu ameinua kalamu. Ningeweza kusema lolote. Ningesema nilinunua kwa jumla, karatasi imepotea, na ungekuwa mwisho wa maneno. Benchi la nyuma walikuwa wananitazama kama siku ile ya kiti cha bibi harusi.

Hakimu akauliza kama mkalimani anahitaji arudiwe.

Nikasema hapana.

Nikasema: "Afande, wewe mambo yote..." Nikakwama. Nikaanza upya, nikasema yote. Viatu waliniletea vijana wa lori. Kwa bei ile mtu mzima hawezi kudhani ni vya halali. Hiyo usimwambie. Mwambie nilinunua kwa jumla. Nilisema hata ndiyo maana tulikusomesha. Kwa mdomo wangu, kwa "mimi", kama nilivyofundishwa.

Kiingereza kile anakielewa. Niliona kikimfikia neno moja moja. Nilipofika kwenye bei aliinua mkono, kama mtu anayezuia gari. Nikaendelea.

Mwendesha mashtaka aliacha kuitazama saa.

Dhamana imekataliwa. Hakimu alisema mshtakiwa ameonyesha yuko tayari kuipotosha mahakama, na nikalazimika kumtafsiria na hilo pia. Alinisikiliza akitazama chini. Walipomteremsha hakugeuka.

Nje kamati walipita mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo.

Nilikula kiapo, ni kweli. Lakini naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilipofika kwenye yale maneno, ndiyo maana tulikusomesha, nilisikia raha. Fupi. Kama kukuna kidonda. Nilimkumbuka amesimama sebuleni akisema harusi inaweza kusubiri. Sijui ni kiapo kilichosema ama ni mimi. Ningeapa ni kiapo. Lakini mdomo ulikuwa mmoja.

Ijumaa, 3 Desemba

Hakuna mteja Mtanzania tangu juzi. Waliokuwa na miadi hawakuja.

Karani amepiga simu, hakimu amesifu kazi yangu. Nikauliza kama kuna nafasi ya kudumu. Ipo. Ni ya raia.

Chuo nao wameandika. Nimefaulu, na kwenye somo la ushahidi nimekuwa wa kwanza darasani. Mahafali mwakani. Joho ni la kukodi.

Jumapili, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Zuhura. Mlango ulifunguliwa na mtoto, ukafungwa na mama.

Nimerudi kwa miguu hadi Sydenham. Jua kali. Mwenye nyumba wangu alikuwa anaanika pilipili uani, akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana.

Jumamosi, 11 Desemba

Ramadhani imeanza. Saluni kimya, Béa anakula chakula chake nyuma ya pazia kwa heshima yangu ingawa nimemwambia asijali.

Alasiri Mama Zuhura aliingia. Hakusalimia. Akakaa kwenye kiti changu, akavua mtandio, akasema anataka twende kilioni, zisizobana. Jumatatu anaruhusiwa kumwona mumewe na hataki aende hovyo.

Nikamchana. Nywele zake zimeingia mvi nyingi, sikujua, daima amefunika. Nilisuka mistari ya mbele. Alikuwa na harufu ya unga wa tambi, lazima alikuwa anawaandalia watoto futari.

Katikati ya kichwa akaniuliza kama siku ya kesi nitakuwepo mimi. Nikasema kwa Kiswahili hakuna mwingine. Akafikiri.

"Safari hii ana wakili," akasema. "Wa kulipwa."

Nikasema vizuri. Nikasema wakili atamwambia ajibu anachoulizwa tu, amsikilize.

Akafungua mkoba akatoa kadi. Kadi ya mchango, ile ya kawaida, wamekata neno harusi kwa kalamu wakaandika wakili juu yake. Hakunipa mkononi. Aliiweka kwenye meza kati ya vitana na chupa ya mafuta, akatazama pembeni. Angeweza kutonipa kabisa. Jioni nzima nimekuwa nalifikiria hilo.

Malipo ya mahakama ya siku ile ya dhamana nilikuwa nayo bado kwenye bahasha yake, sikuweza kuyatumia hata kwa unga. Nikaiweka juu ya kadi bila kufungua. Aliiona imeandikwa nini. Akaikunja ndani ya mkoba.

Nikamalizia mistari ya nyuma. Nikampa kioo. Akageuza kichwa huku, akageuza kule.

"Asante, Rehema," akasema.

Miaka miwili sijaitwa hivyo na mtu wa kwetu. Nikamwambia alale na kitambaa, zisifumuke kabla ya Jumatatu. Akasema atafanya hivyo. Halafu nikafagia, na Béa akazima feni, tukafunga.